Kozi ya bure ya Damodaran, wanauchumi msiiache likizo hii

Kama unasoma uchumi na unataka kazi za fainansi, likizo ndefu hii ingia YouTube kwa Profesa Aswath Damodaran wa NYU Stern (shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha New York), kozi yake ya kuthaminisha kampuni ni bure kabisa na spredishiti unadaunlodi kwenye saiti yake. Mi nimeipenda sana maana darasani tunakariri nadharia tu, huku unakadiria mwenyewe pesa zitakazoingia, unazipigia diskaunti (yaani unazipunguza kwa riba upate thamani yake ya leo), unaona thamani ya hisa inavyoporomoka ukipandisha riba kidogo tu. Mifano mingi ya Marekani, kwa hiyo chukua ripoti ya mwaka ya Twiga Cement iliyoko DSE (soko la hisa la Dar es Salaam) ufanyie zoezi, benki usianze nazo, hesabu zake tofauti. Bando liwe la kutosha aisee, video ndefu.