Mchujo wa mbio za ramani Edinburgh: nyota 4, ya 5 nimeizuia

Nilikuwa Edinburgh wiki mbili kwa mafunzo ya kazi, na Jumapili moja nikajikuta sina la kufanya. Mwenzangu darasani, Mskoti, akaniambia kuna mbio za ramani mjini, aina ya sprinti, yaani fupi na za kasi: mchujo wa makundi asubuhi, fainali alasiri. Wenyewe wanaziita orientiringi: unapewa ramani, unakimbia kutafuta vituo kwa mpangilio, na wa haraka zaidi ndiye mshindi. Mimi niliwahi kuzicheza nikiwa skauti, kwa dira moja tuliyogombania watu wanane na ramani ya fotokopi. Nikajiona mzoefu.

Kujiandikisha ni rahisi. Nililipa pauni 16, na 2 za kukodi chipu inayovaliwa kidoleni, inayorekodi kila kituo unachofika. Tatizo lilikuwa neno Kenya kando ya jina langu. Kila aliyeliona alinitazama miguu. Nikawaeleza kwamba mimi ni wa Mombasa, wakimbiaji ni wale wa Iten, sisi kwetu ni mahamri na upepo wa bahari. Wakacheka, wakidhani najishusha tu.

Kabla hata ya kuanza nilipotea. Maelekezo ya mahali pa kuanzia yalitumwa saa nne usiku wa kuamkia mbio, na yameandikwa kwa mtu anayeujua mji. Nilijikuta bustani ya Princes Street, karibu na mnara wa Scott, mbele ya sanamu ya Livingstone. Nimuulize nani njia, yeye aliyetafutwa mpaka Ujiji mwaka 1871? Nyota moja imeishia hapo.

Kuanzia mstarini, mpangilio ni wa hali ya juu. Kila dakika wanaitwa wachache, unasogea kisanduku baada ya kisanduku, unafuta kumbukumbu za chipu, unaihakiki, unapewa karatasi ndogo yenye alama za kueleza kila kituo. Ramani huioni mpaka mlio wa kuanza. Skeli ni 1:4000, kwa hiyo sentimita moja ni mita 40, na ukipepesa jicho umeshapita kona. Kijani cha zeituni ni marufuku kukanyaga. Mstari mnene mweusi ni ukuta usiovukwa, hata kama unakufika magotini, ukiuruka unafutwa. Kijivu ni jengo, kijivu hafifu ni pale unapoweza kupita chini ya jengo. Hilo la mwisho lishike, maana Mji Mkongwe wa Edinburgh umejaa vichochoro vinavyoingia chini ya nyumba na kutokea kwenye ngazi.

Vituo 6 vya kwanza nilienda kama niko Mji wa Kale, Mombasa. Advocate's Close niliishuka ngazi mbili mbili. Kwenye kila kituo kuna kitambaa cha rangi ya machungwa na nyeupe. Ukisogeza mkono karibu, chipu inawaka na kulia, huna haja ya kusimama. Raha kweli. Nikaanza kuwaza fainali A, maana kumi wa kwanza wa kila kundi ndio wanaoingia.

Kituo cha 7 kikaninyoosha. Duara la zambarau lilikuwa juu ya daraja la George IV, nami nilikuwa juu ya daraja la George IV. Kitambaa hakuna. Nikaenda mbele, nikarudi nyuma, nikachungulia nyuma ya pipa la taka kama niliyedondosha funguo. Mwishowe nikachungulia ukingoni. Chini kabisa, barabara ya Cowgate, bibi wa miaka sabini hivi, mvi kichwani na miwani imefungwa kwa uzi, anagusisha mkono kituoni kwangu na kuondoka zake taratibu.

Edinburgh ina ghorofa. Mtaa mmoja unapita juu ya mwingine, na ramani ni karatasi bapa. Ilibidi nizunguke mpaka Candlemaker Row, niteremke, kisha nirudi chini ya daraja lile lile. Karibu dakika tatu zimekwenda, kwenye mbio ambazo mshindi wa kundi letu alizimaliza kwa chini ya 15. Nikawa wa 19 kati ya 26.

Si kosa la waandaaji. Mji huu uliandaa Mashindano ya Dunia ya sprinti Julai 2024, na waliochora ramani walijua wanachofanya. Alama ya “chini” ilikuwepo kwenye ile karatasi ndogo, nimeifunga mkononi, sikuitupia jicho hata mara moja.

Vyoo vilikuwa viwili kwa umati ule. Chai ilikuwa moto, keki za nyumbani zinauzwa kwa bei ya kirafiki. Kwenye foleni ya chai nikamkuta yule bibi. Nilipomsimulia, hakucheka, alitoa karatasi yake na kunionyesha anavyoikunja baada ya kila kituo, mstari unaofuata ubaki peke yake juu. “Fifty years,” akasema, na kuagiza kipande cha pili cha keki.

Alasiri nikakunja kama yeye. Nikamaliza wa 6, fainali B.

Jambo moja kwa mgeni: chipu ya kukodi inarudishwa kwenye ndoo iliyo kando ya meza ya keki, na ukiipoteza unalipa bei ya mpya. Yangu niliikumbuka nikiwa tayari kituo cha tramu. Niliyokimbia kurudi ndiyo mbio yangu bora ya siku ile.