Darasa la Jumamosi la IELTS ya kuzungumza, Nairobi: uzoefu wangu na mada ya hobi

Nimemaliza darasa la wiki sita la kujiandaa kwa sehemu ya kuzungumza ya IELTS, ule mtihani wa kupima Kiingereza, katikati ya jiji, orofa ya tatu karibu na Tom Mboya Street. Ada ni shilingi 12,000: vipindi sita vya saa mbili kila Jumamosi asubuhi, pamoja na kijitabu cha majibu ya mfano. Jina la darasa naliacha. Kasoro zake zinaweza kumkuta mtu kwenye darasa lolote la aina hii, na anayetaka kulipa anahitaji kujua aangalie nini. Nashikilia mada ya hobi kwa sababu kila mtu huiona nyepesi, akaipa dakika kumi za maandalizi, kisha ikamtoa jasho.

Nianze na hesabu. Tulikuwa watu 14. Dakika 120 ukizigawa kwa 14, kila mmoja anapata dakika nane na nusu, hata mwalimu asiposema neno. Mtihani wenyewe huchukua dakika 11 hadi 14 kwa mtu mmoja. Kwa hiyo hakuna kipindi ambacho darasa zima lingeweza kufanya mtihani kamili wa majaribio, na kweli halikufanya. Waliojaribiwa mwanzo hadi mwisho ni watatu tu, kwenye kipindi cha mwisho. Kwa muuguzi anayeelekea Uingereza, ambaye baraza la wauguzi na wakunga la huko, NMC, linamtaka apate alama 7 kwenye kuzungumza, hilo ni pengo kubwa.

Mwalimu alieleza muundo wa mtihani vizuri, na hapo sina lawama. Sehemu ya kwanza ni maswali mafupi kuhusu maisha yako, dakika nne hadi tano. Ya pili unapewa kadi yenye mada, dakika moja ya kujipanga ukiwa na karatasi na penseli, kisha unazungumza dakika moja hadi mbili. Ya tatu ni mjadala mpana unaotokana na kadi ile, dakika nne hadi tano. Kila kitu kinarekodiwa. Alama zinatoka kwenye mambo manne yenye uzito sawa: ufasaha na mtiririko, msamiati, sarufi, na matamshi. Hobi inaweza kuchomoza kwenye sehemu yoyote kati ya hizo tatu.

Tatizo lilikuwa kijitabu. Ukurasa wa hobi una majibu matatu: kusoma riwaya, kusafiri, kusikiliza muziki. La kwanza linaanza "I am an avid reader", na watu tisa kati ya 14 walilikariri lilivyo. Mwalimu akiuliza swali la kwanza, jibu linatiririka kama maji. Akiongeza "What was the last book you finished?", sauti inabadilika papo hapo: mwendo unapungua, sentensi zinakatika, msamiati unashuka madaraja mawili. Mtahini halisi ameshasikia sauti za namna hii mara nyingi, na swali la pili ndilo linalomwonyesha Kiingereza chako kilipo. Hutakuwa na namna ya kujua umejikwaa wapi pia, kwa sababu mtahini hakwambii kama umefanya vizuri au vibaya. Anakwenda swali linalofuata.

Dawa niliyoona ikifanya kazi darasani ni kuchukua kitu ambacho mtu anakifanya kweli, hata kama anakiona ni cha mtaani mno. Kijana mmoja alikuwa ameng'ang'ania kusafiri. Alipoulizwa jioni huwa anafanya nini, akasema anacheza drafti kwa vifuniko vya soda. Tukaufungua mchezo huo kwa dakika 40, na kwangu hicho ndicho kipindi kilichostahili ada yote.

Ubao una miraba 64, kila mchezaji ana kete 12. Mmoja analaza vifuniko vyake kifudifudi, mwingine chali. Hayo tu yanadai "bottle tops", "squares", "face up", "face down". Halafu inakuja "kula". Kwa Kiswahili unakula kete ya mwenzako, na yeye akasema "I ate three of his". Mtahini ataelewa, lakini Kiingereza kinasema "capture" au "take". Kete ikifika mwisho inakuwa kingi: "it gets crowned". Na kwa kuwa kula ni lazima, mchezaji mzuri hutoa kete moja kwa makusudi ili amvute mwenzake: "I sacrifice a piece to set a trap". Hebu tazama alichosema alipoeleza mtego wenyewe: "If he takes this one, he has to leave his back row, and then I can jump two." Hiyo ni sentensi ya sharti, yenye sababu na matokeo, na hakuna aliyemwambia atumie sarufi ngumu. Mchezo wenyewe umemlazimisha. Riwaya ya kukariri haikupi kitu kama hicho.

Kwa hobi yako, chukua karatasi ugawe safu nne: vifaa, vitendo, kinachoharibika, na watu unaofanya nao. Jaza maneno manne au matano kila safu, jumla yasizidi 20. Safu ya tatu ndiyo muhimu kuliko zote. Anayepanda sukuma wiki kwenye magunia kibarazani ana vidukari, maji yasiyofika chini ya gunia, majani yanayogeuka manjano. Humo mna visababishi vya kuongea dakika mbili bila kurudia neno. Anayefuma ana fundo lililoachwa na safu ya kufumua. Usiandike sentensi nzima, maana ukiandika utakariri.

Kuna makosa ambayo yanatoka moja kwa moja kwenye Kiswahili, na mwalimu aliyapita haraka mno. "Kusoma" kwetu ni kitabu na ni chuo, ndiyo maana mtu anasema "I am reading at the university". "Kucheza" ni mpira na ni ngoma, na hapo "I like playing" inamwacha msikilizaji akisubiri umwambie unacheza nini. "Ninacheza" hubeba leo na kila siku kwa pamoja, kwa hiyo watu husema "I am playing every Saturday". Dawa ni kufikiria "hucheza" kisha useme "I play". "Tangu" nayo huzaa "I am doing it since 2015" badala ya "I have been doing it since 2015". Na "yeye" hana jinsia, hivyo dada aliyekufundisha kufuma anaanza kama "she" na baada ya sentensi mbili amekuwa "he". Hili la mwisho ni gumu kuliko linavyoonekana. Njia niliyoona inasaidia ni kumtaja mtu kwa cheo chake kila sentensi ya pili: "my sister", "my aunt". Inakurudisha kwenye njia.

Kwenye matamshi, lafudhi ya Kikenya haikuondolei alama maadamu unaeleweka bila msikilizaji kujitahidi. Kinachotatiza ni mkazo. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, nasi tunaubeba huo hadi kwenye Kiingereza. "Photography" inatoka ikiwa na mkazo kwenye "gra", ilhali mahali pake ni "to". "Interesting" tunaikaza kwenye "res", na mkazo wake uko mwanzoni kabisa. Neno hilo la pili utalisema mara sita ukizungumzia hobi, kwa hiyo linyooshe mapema.

Kadi ya sehemu ya pili inaomba, kwa mfano, ueleze shughuli unayoipenda: ni nini, ulianza lini, unafanya na nani, na kwa nini unaipenda. Kosa la darasa letu lilikuwa kujibu vipengele hivyo kama fomu ya hospitali, kila kimoja sentensi moja, na sekunde 35 baadaye mtu amenyamaza. Katika dakika ya kujipanga andika maneno matano tu, mawili yakiwa ya kipengele cha mwisho. Kwa drafti yalikuwa: stendi, mjomba, 2016, mtego, kushindwa. Vipengele vitatu vya kwanza vipe sekunde 40 kwa jumla, halafu kaa kwenye tukio moja, mchezo mmoja ulioshinda au kushindwa. Tukio linaleta wakati uliopita, na ukimalizia na unavyocheza sasa umeonyesha nyakati mbili bila kujilazimisha. Mtahini akikukatiza dakika ya pili ikiisha, si kosa lako. Muda umekwisha.

Sehemu ya tatu inaacha habari zako binafsi. Unaweza kuulizwa kwa nini watu wa mijini wanakosa muda wa hobi, au kama serikali inapaswa kugharimia mahali pa burudani. Darasani wengi walirudi kwenye "me, I like". Hapa Nairobi ina mifano ya kutosha. Msitu wa Karura, ambao mwanamazingira Wangari Maathai alijeruhiwa mwaka 1999 akiupigania usinyakuliwe, leo watu hukimbia na kuendesha baiskeli humo: huo ni mfano kamili wa hobi kutegemea ardhi ya umma. Toa maoni, toa sababu, toa mfano mmoja, kisha kubali upande wa pili kwa sentensi moja. Usipoelewa swali, omba ufafanuzi. Hilo ni bora kuliko kujibu jambo ambalo hukuulizwa.

Ningelipa tena? Kifurushi kizima, hapana. Mazoezi ya mtu mmoja na mwalimu, mara tatu, ndiyo. Kabla ya kutuma M-Pesa popote, piga simu uulize mambo matatu: darasa lina watu wangapi, kila mmoja atafanya mtihani kamili wa majaribio mara ngapi, na kama utapewa rekodi yako. Wakisita kwenye la pili, endelea kutafuta.

Rekodi unaweza kuifanya mwenyewe pia. Laza simu juu ya leso iliyokunjwa ili meza isivume, weka saa ya dakika mbili, zungumza bila kusimama. Kisha andika kila neno ulilosema, pamoja na kila "eeh". Zungushia duara kila mahali uliponyamaza zaidi ya sekunde mbili, na kando yake andika neno ulilokuwa ukilitafuta. Kesho yake rudia mada ile ile ukiwa na maneno hayo kichwani, bila karatasi. Sisi tulifanya hivi mara moja tu, wiki ya nne, matatu zikipiga honi chini ya dirisha, na duara zilizojaa karatasi zilinionyesha mengi kuliko kijitabu kizima.