Kozi ya uvimbe adimu wa jicho kwa manesi: nimeimaliza, maoni yangu haya hapa

Jana usiku nimemaliza hii kozi fupi ya mtandaoni ya manesi, inahusu uvimbe adimu wa jicho na kando yake. Nilijua nitakaririshwa majina magumu tu, kumbe wameanza na chokea. Yaani chokea hii hii tunayomwambia mtu akande na maji ya uvuguvugu aende zake. Basi kuna saratani ya tezi za mafuta za kope inajifanya chokea miezi na miezi, inapenda zaidi kope la juu maana ndo lina tezi nyingi, na wanasema uvimbe ukirudi palepale ulipopasuliwa, au nywele za kope zikianza kunyonyoka eneo lile, au jicho moja tu likawa jekundu ukingoni na halisikii dawa, usitoe tyubu nyingine, andika rufaa kinyama kikapimwe.

Hapo nilisimamisha video. Nimewahi kumpa mama mmoja tyubu ya tatu huku daftari lake liko mbele yangu limeandikwa chokea, chokea, chokea, kila mara mwandiko wa mtu mwingine, na sikufungua kurasa za nyuma.

Sehemu ya watoto nayo imetulia. Mboni inayotoka nyeupe kwenye picha ya flashi au makengeza mapya kwa mtoto chini ya miaka 5, fikiria retinoblastoma (saratani ya ndani ya jicho kwa watoto), na mzazi akikwambia jicho linang'aa kama la paka usimcheke. Alafu kuna rabdomiosakoma, saratani ya tishu laini kuzunguka jicho, jicho linatokeza nje ndani ya siku au wiki chache, wengi wanadhani ni usaha nyuma ya jicho, ila mara nyingi mtoto hata homa hana.

Kilichonishangaza ni maumivu. Mimi nilizoea kuambiwa saratani mwanzoni haiumi, kumbe kuna ya tezi ya machozi inauma kweli kwa sababu inatambaa kwenye mishipa ya fahamu. Uvimbe wa mfuko wa machozi wameupitia haraka mno, dalili ya machozi yenye damu imetajwa kwenye slaidi moja tu, sijui walikuwa na haraka ya nini.

Sasa malalamiko. Picha karibu zote ni za ngozi nyeupe, wanakwambia angalia wekundu, kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani hivyo, bora wangesisitiza kulinganisha kope mbili na kugusa kama pamekuwa pagumu. Pia uvimbe wanaoonyesha ushakuwa mkubwa, huo hata mlinzi wa getini anaujua, mimi nataka wa mwanzo mwanzo. Na kumulika mboni kwa ofthalmoskopu (kile kifaa cha kuangalia ndani ya jicho) kwenye chumba chenye giza kiasi wameelezea kwa maneno tu, hakuna video, wakati ndo kitu nesi anatakiwa akifanye kwa mkono wake. Kwizi ni rahisi, jibu refu ndo sahihi kila mara 😂

Nyota 4. Wakibadilisha picha nawapa ya 5.