The Sims 4 na The Sims Medieval: maisha ya leo au enzi za wafalme?

Ukitoka The Sims 4, gemu la kuendesha maisha ya wahusika, ukahamia The Sims Medieval (2011) ukidhani umebadilishiwa mavazi tu, utakwama mapema. The Sims 4 inakupa mahitaji sita ya kuangalia: njaa, usingizi, usafi, haja, burudani na kuchangamana. Medieval imebakiza njaa na usingizi. Nafasi iliyobaki imejazwa na wajibu, na hapo ndipo gemu lenyewe lilipo.

Kila siku shujaa wako hupewa kazi mbili za cheo chake, zenye muda maalumu. Daktari, kwa mfano, anaweza kutumwa kukusanya ruba. Ukizipuuza, umakini wake unashuka. Umakini ukishuka, misheni inasuasua na mwishoni unaambulia daraja la shaba badala ya platinamu. Ukizidi kupuuza, unafungwa kwenye mkatale hadharani. Kwa hiyo maliza hizo mbili kwanza, ndipo ushike misheni. Wengi hufanya kinyume, kisha wanalaumu gemu.

Kuwa mwangalifu pia unapomuumba shujaa: anapata sifa mbili na dosari moja kubwa. Ulafi unaonekana kama mzaha, lakini saa za kula zinatoka kwenye saa za misheni. Dosari hiyo inaweza kufutwa kwa misheni maalumu, ila misheni hugharimu pointi, na pointi za ufalme zina kikomo.

Kwenye ujenzi hakuna mashindano. Medieval haikuruhusu kugusa kuta. Unapanga samani basi. The Sims 4 inakuachia nyumba nzima kuanzia msingi, na gemu la msingi ni bure tangu Oktoba 2022. Udhaifu wake ni kazini: katika ajira nyingi za msingi mhusika anatoweka kwa saa kadhaa, nawe unabaki kusogeza saa mbele. Medieval, kazi ya mhunzi unaifanya wewe mwenyewe mbele ya tanuri.

Anayetaka enzi hizo bila mzaha wala uchawi ajaribu Medieval Dynasty, gemu jingine ambamo unajenga na kuendesha kijiji. Huko msimu mmoja ni siku tatu usipobadilisha mipangilio, na kodi hudaiwa kila masika. Kijiji kikisimama ghafla, kagua ghala la vifaa kabla ya kitu kingine: shoka huisha, na mkata kuni asiye na shoka hazalishi chochote.