Seti ya Kuunda DNA Kutoka Mwanjelwa: Besi Zimetendewa Haki, Sukari Haikutendewa

Mwalimu wa baiolojia aliyeko Mbeya sasa anaweza kupata, katika duka moja la vifaa vya shule Mwanjelwa, seti ya plastiki ya kuunganisha nyukliotidi (vipande vinavyojenga DNA, kila kimoja kikiwa na sukari, fosfeti na besi) bila kuagiza Dar es Salaam. Shule yetu iliinunua kwa shilingi 48,000 baada ya kupatana, nami ninaitumia kwa kidato cha tano.

Ubora wake uko kwenye besi. Adenini na guanini, ambazo kila moja ina pete mbili, ni vipande virefu. Thaimini na saitosini, zenye pete moja, ni vifupi. Besi zikioana huwa kama vipago vya ngazi kati ya nyuzi mbili za DNA. Mwanafunzi akioanisha adenini na guanini, ngazi inatanuka. Akioanisha thaimini na saitosini, inabanana. Naye anatambua mwenyewe, kabla sijasema neno, kwa nini molekuli halisi ina upana ule ule wa takribani nanomita 2 kutoka mwanzo hadi mwisho. Meno ya kushikizia nayo yanafuata idadi ya vifungo vya haidrojeni: mawili kati ya adenini na thaimini, matatu kati ya guanini na saitosini. Chati nyingi za ukutani hazijishughulishi na jambo hilo.

Sukari ndiyo inayoiangusha. Kipande chake ni pembetano isiyo na alama yoyote, hata ya kaboni ya 3 na ya 5 ambako fosfeti hushika, kwa hiyo nyuzi mbili zinaweza kupangwa zikielekea upande mmoja na kila kitu kikaingia vizuri, ilhali katika DNA huelekea pande zinazopingana. Imenibidi niandike namba kwa maka peni. Isitoshe, karatasi ya maelekezo inadai kuwa sukari hiyo hiyo inafaa kwa RNA, molekuli ndugu ya DNA, wakati ribosi, sukari ya RNA, ina oksijeni kwenye kaboni ya 2 ambayo deoksiribosi, sukari ya DNA, haina. Urasili, besi inayoshika nafasi ya thaimini katika RNA, imewekwa, lakini rangi yake inakaribiana mno na ya thaimini, na asubuhi za ukungu, umeme ukiwa umekatika, wanafunzi huzichanganya.

Miguu ya vipande vya fosfeti ni myembamba na huvunjika upesi. Anayenunua amwombe muuzaji afungue boksi na kuvihesabu mbele yake kabla ya kulipa, kwa sababu vya akiba haviuzwi peke yake.