Tensa ya nje au ya ndani?
Hizi njia mbili za kuzidisha ripresentesheni (namna kundi linavyosukuma vekta kwa matriki) watu wanazichanganya sana, maana vekta ni zilezile, kinachobadilika ni nani anazisukuma. Chukua kundi S3 (njia zote 6 za kupanga upya vitu vitatu) na ripresentesheni yake V ya dimensheni 2 isiyovunjika, yaani haigawanyiki vipande vidogo, juu ya namba changamano. Ya nje, V⊗V inabebwa na S3×S3, kila S3 na upande wake, unapata dimensheni 4 na haivunjiki, basi. Ya ndani sasa, g moja ya S3 inapiga pande zote mbili kwa mpigo, karakta za V (jumla ya ulalo wa matriki ya g: isiyogusa kitu, ya kubadilisha viwili, ya kuzungusha vitatu) 2, 0, -1 zinajizidisha zenyewe na kuwa 4, 0, 1 na ile 4 inapasuka vipande vitatu: ile ya 1 tupu (kila g ni 1), ya ishara (g ni 1 au -1), na V yenyewe tena!! Mi naona utamu wote uko huku, ila ukiwa na aljebra tu isiyo na koprodakti (kanuni ya kukifanya kipengele kimoja kipige pande zote mbili), ya ndani sahau.