Programu ya Kingereza, somo la kushukuru: nyota tatu, na hapo nimekuwa mpole

Nimeitumia hii programu ya kwenye simu miezi mitatu sasa, nimelipia kabisa ile ya bila matangazo, jina silitaji maana sijaja kumharibia mtu biashara. Naongelea sehemu moja tu, somo la kushukuru, kwa sababu ndo lililonifanya nilipie na ndo hilohilo likaja kuniponza kwa bosi.

Mazuri yapo. Kosa langu sugu lilikuwa "thank you for help me", miaka yote naandika hivyo na hakuna aliyewahi kunirekebisha, nadhani watu wanaona aibu. Na ukiangalia Kiswahili unaona kabisa linapotokea, tunasema asante kwa kunisaidia, kitenzi kimekaa na "ku" yake, basi na kwenye Kingereza mtu anakibeba hivyohivyo kizimakizima, wengine mpaka "for to help". Programu inakupa sentensi yenye pengo, unajaza, ukikosea inakurudisha, unajaza tena, mpaka kidole chenyewe kinajua kwamba baada ya "for" inakuja "helping", "coming", "waiting", ama unaweka jina la kitu, "for your help", yameisha. Hapo nawapa mia kwa mia.

"Appreciate" nayo wameifundisha vizuri. Nilikuwa naandika "I appreciate" naishia hapo, kumbe lazima useme unathamini nini, "I appreciate your time", na kama huna cha kutaja unaweka "it". Hata ukiomba jambo kwa adabu ile "it" haitoki, "I would appreciate it if you could call me". Mi kazi yake siioni ila ndo lugha ya watu.

Sasa "thanks God". Nani hapa hajawahi kuisema? Programu inakupiga ekisi nyekundu, haisemi kwa nini, unabaki unakodolea skrini. Nilivyokaa nikajiongeza mwenyewe: "thanks" yenye s hapo ni jina, yaani shukrani, ndo maana inataka "to" katikati, "thanks to God". Ile isiyo na s ni kitenzi, inamdaka mtu moja kwa moja, thank you, thank him, thank God. Na "thanks you" inakufa kwa sababu hiyohiyo. Mstari mmoja tu huo, wangeshindwa nini kuuandika? Kwenye wingi pia wamenyamaza, sisi tuna asanteni, Kingereza hakina kitu kama hicho, unaongeza tu "all" au "everyone", lakini hilo mpaka ulipate kwingine.

Maiki ndo kituko. Nasema "thank", yenyewe inasikia "tank", narudia mpaka jirani anagonga ukuta. Na hii "th" sisi tunayo bana! Themanini, thamani, methali. Dawa niliyogundua, kabla hujasema "thank" sema kwanza "thamani" taratibu, ulimi unakaa penyewe. Ila kama wewe ni wale ambao thamani na samani kwenye mdomo wako ni kitu kimoja, utatoka na "sank you", na "sank" maana yake ilizama, kwa hiyo pole.

Haya, bosi. Kwenye somo wamepanga shukrani kama ngazi, chini "thanks", juu yake "thanks a lot", juu kabisa "thank you very much", ukiamini hivyo unadhani tofauti ni uzito tu. Nilikuwa nimeomba kubadilishiwa zamu, kazini tunaandikiana Kingereza, madam akanijibu kwamba ameniombea ila imeshindikana. Mi kwa heshima zote nikaandika "Thanks a lot." na nukta mwishoni, nikaendelea na mambo yangu. Haikupita muda simu inaita.

"Mbona umenuna?"

"Nani, mimi? Nimenuna nini tena madam?"

"Hiyo thanks a lot yako."

Kumbe ukimwandikia hivyo mtu aliyekupa habari mbaya inageuka kejeli, ni kama ile "haya, asante sana" ya mtu ambaye ameshakugeuzia mgongo. Yeye ndo akanifundisha, bure kabisa bila kulipia, kwamba pale ningesema "thank you for trying", namshukuru kwa kujaribu. Programu yenye masomo kibao haina hata sentensi moja ya kukuonya.

Kwenye kujibu shukrani napo ni wabishi. Wanakubali "you're welcome" tu. "Welcome" peke yake wanaikataa na hapo nawaelewa, hiyo ni ya kumkaribisha anayeingia mlangoni, karibu yetu ndo inafanya kazi zote mbili. Lakini "no problem" ekisi, "not at all" ekisi, wakati wenye lugha yao wanazisema kutwa. Na "cheers", ambayo Waingereza wanaitumia kusema asante yenyewe, ndo kabisa haimo popote kwenye somo.

Nikawaandikia huduma kwa wateja, nikaeleza taratibu kuhusu hiyo "no problem". Wakajibu "Thank you for reaching out", siku tatu baadaye "Thank you for your patience", yaani uvumilivu ambao sijauahidi wameshaushukuru. Wiki ya tatu hii, ekisi iko palepale. Ila "for" yao ikafuatwa na "reaching", sarufi safi, hilo siwezi kuwanyima.